Inaita Tu na Salio Linakwisha: Kisa cha Ofisi ya Vifurushi Mwanza

Mama aliweka kitochi chake juu ya kaunta, skrini ikitazama juu, kama mtu anayeweka kielelezo mbele ya baraza la kata.

"Simu yenu inaita tu," alisema. "Haipokelewi. Na hela yangu inakwenda."

Dada wa kaunta alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu neno hilo mara nyingi: "Mama, simu ikiita bila kupokelewa haikati hela. Huenda kifurushi chako kimeisha muda."

Mimi nilikuwa chini ya meza nimeshika waya. Nilimuunga mkono dada bila hata kutoa kichwa nje. Kila mtu anajua kwamba simu inayoita haikati hela. Baada ya robo saa nilikuwa nimekaa kwenye gunia la dagaa, simu ya mama mkononi, nikiona aibu. Mama alikuwa sahihi, na mtambo wa simu wa ofisi ile niliufunga mimi mwenyewe.

Ofisi yenyewe

Iko upande wa mji unaoelekea bandari ya kaskazini, kule kwa vyombo vya Ukerewe. Haisafirishi abiria. Inapokea mizigo midogo kutoka kwenye mabasi na kuivusha ziwa: spea za injini za mitumbwi, nyavu, dawa za maduka ya Nansio na Ukara, magauni ya harusi, mara moja katoni zima la vitabu vya kwaya. Kutoka visiwani huja dagaa, na mara kwa mara bahasha za watu ambao hawaiamini posta wala mtoto wa jirani.

Kwa miaka mingi namba ya ofisi ilikuwa moja tu. Imepakwa rangi ukutani na inaandikwa kwa maka kwenye kila boksi linalotoka. Simu yenyewe ilikuwa kitochi kilichofungwa kamba kwenye mguu wa kaunta ili kisitembee. Madada watatu wa kaunta walikuwa wakikigombea, na wateja walikuwa wakilalamika kwamba namba inatumika muda wote.

Mwenye ofisi aliniita, akataka "kitu cha kisasa". Nikamletea kisanduku chenye kadi nne za simu upande mmoja na waya wa mtandao upande wa pili, kompyuta ndogo ya kugawa simu, na simu tatu za mezani. Namba ya zamani ilikaa kwenye tundu la kwanza. Ikiwa inatumika, simu inahamia laini ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kazi ya siku moja na nusu. Nililipwa, tukanywa soda.

Mlio unatoka wapi

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kisa chote kimejificha katika jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia hivi hivi. Ule mlio unaousikia ukipiga simu si kengele ya simu ya mwenzako. Yake inalia kwake. Inaweza kuwa kaswida, jogoo, au mtetemo tu mfukoni. Wewe unatengenezewa sauti yako pembeni, kukujulisha kwamba kule kunalia.

Ukibonyeza kupiga, kwanza kuna ukimya wa sekunde chache. Mtandao unamtafuta mwenzako kwenye minara. Akipatikana na simu yake ikaanza kulia, taarifa inarudi kwamba inaita, na hapo ndipo mlio unapoanza sikioni mwako. Mlio huo una desturi zake nchi kwa nchi. Sehemu kubwa ya Ulaya ni sauti moja ya hezi 425, yaani mitetemo 425 kwa sekunde, inalia sekunde 1 na kunyamaza sekunde 4. Marekani ni sauti mbili zilizochanganywa, hezi 440 na 480, sekunde 2 kulia na 4 kimya. Uingereza hulia mara mbili mbili kwa harakaharaka, kisha hunyamaza sekunde 2. Ndiyo maana ukipiga simu ya mezani ya ndugu aliyeko London, sikio linajua kwamba umevuka bahari kabla hajasema halo: mlio huo kwa kawaida umetoka upande wake.

Mambo mawili ya kuweka akilini. La kwanza, muda wote huo hulipi chochote; hesabu ya hela inaanza pale simu inapopokelewa. La pili, na hili ndilo lililonipiga mimi, mlio ni sauti kama sauti nyingine. Chombo chochote kilichoko njiani kinaweza kuutengeneza. Ukiusikia, huwezi kujua kwa sikio ni nani aliyeutoa.

Ukimya, na dawa yangu ya ukimya

Kisanduku kilitoka dukani kimepangwa hivi: simu ikiingia kutoka kwenye mtandao, kinaipokea papo hapo, halafu kwa ndani kinaanza kuziita simu za mezani. Sikulitazama hilo. Nilitazama kama simu za mezani zinalia, zikalia, nikafunga begi.

Wateja walichosikia ni mlio mmoja, kitu kama "tik", kisha kimya. Kimya kabisa, kama umetumbukiza simu kisimani. Mtu wa Ukara, ambako mtandao una siku zake, akisikia kimya anajua limekatika. Anasema "halo? halo?" mara tatu, anakata. Dada anainua simu ya mezani sekunde ya kumi, anakuta hewa. Siku ya kwanza wakasema mtandao unasumbua. Siku ya pili wakaniita.

Sababu ya ukimya ilikuwa ndogo na ya kuudhi. Vyombo hivi vinazungumza kwa lugha ya simu za intaneti iliyowekwa sawa mwaka 2002, na katika lugha hiyo kuna ujumbe wa namba 180, maana yake "kunalia huku, mtengenezee mpigaji mlio wewe mwenyewe", na kuna wa namba 183, maana yake "sikiliza, sauti nitakuletea mimi". Kompyuta yangu ilikuwa ikituma 183 kisha haileti sauti yoyote. Kisanduku kikatii: kikafungua njia na kungoja sauti ambayo haikuja.

Nikabadilisha. Nikakiambia kisanduku kipige mlio wake chenyewe mpaka dada apokee. Ilikuwa Jumapili mchana. Nikapiga kwa simu yangu, nikasikia kriii, kriii, dada akapokea, tukacheka, nikarudi nyumbani Kirumba nimeridhika. Nilipima kwa sikio. Kwa jicho sikupima.

Sekunde kwenye skrini

Turudi kwa mama na kitochi chake. Nilitoka chini ya meza, nikamwambia, "Mama, hebu piga hapa hapa nione." Akapiga. Nikawaomba madada wasiguse simu. Kriii. Kriii. Mama akanigeuzia skrini bila kusema neno.

Sekunde zilikuwa zinahesabu. 0:07, 0:08, 0:09.

Simu isiyopokelewa haihesabu sekunde. Skrini huandika tu kwamba inapiga, na hesabu huanza ikipokelewa. Hii ilikuwa imepokelewa, na kisanduku, tangu sekunde ya kwanza. Mlio alioendelea kuusikia haukuwa wa mtandao tena. Ulikuwa wangu, ule niliouweka Jumapili. Nilikuwa nimetengeneza mlio wa uongo: unamwambia mtu "bado, bado", huku mita inazunguka. Hakuna aliyeutambua isipokuwa wale wanaotazama salio kila wakikata simu, na hao ndio walio na salio dogo. Mwenye ofisi alikuwa na kifurushi kikubwa cha mwezi. Yeye angeweza kupiga ofisini kwake mwaka mzima asigundue.

(Kuna utani ndani yake, nao haukumchekesha mtu siku ile: ofisi ya vifurushi inamaliza vifurushi vya watu.)

Nililotaka kufanya palepale ni kurudisha mambo yawe kisanduku hakipokei kitu mpaka dada ainue mkono wa simu. Uwezo huo upo, ni kubadilisha mpangilio mmoja. Lakini mwenye ofisi alikuwa amefika, akasikiliza, na akaja na wazo lake. Kama tatizo ni kwamba watu wanadhani haijapokelewa, alisema, tuwape muziki. Wakisikia muziki watajua wamepokelewa na wako kwenye foleni, kama benki.

Wiki ya muziki

Kwa mantiki hakukosea. Muziki angalau haudanganyi: ukiusikia unajua umeingia ndani. Nikakubali, na nakiri nilikubali pia kwa sababu sikutaka kubishana na mtu niliyekuwa nimemharibia kazi.

Akachagua ngoma. Si wimbo wa redioni. Kwa huo nilimwambia tungehitaji ruhusa ya wenye haki, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi kwamba simu ya ofisi ni sebule yako. Akaleta rekodi ya kikundi cha jamaa zake cha bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, kikundi kikakubali. Kwenye spika ya gari lake ilikuwa inatikisa vioo. Kwenye simu zilibaki njuga peke yake, na sauti za waimbaji zikisikika kama wanaimba wakiwa wamezama ziwani.

Ngoma ilikwenda wapi? Simu ya kawaida hupitisha sauti za kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400. Mdundo mzito wa ngoma kubwa uko chini ya hapo, kwa hiyo unaachwa mlangoni. Sauti nzito ya mwanamume nayo msingi wake uko chini ya 300, lakini ubongo una hila: ukisikia vipande vya juu vya sauti hiyo unaujenga msingi wenyewe, na baba anabaki baba. Pigo la ngoma halipati msaada wa namna hiyo.

Kuzama ziwani nako kuna sababu yake. Simu ya mkononi haitumi sauti nzima, haina nafasi. Inafinya kila sekunde iwe kilobiti chache, kati ya 4.75 na 12.2 katika ufinyaji uliotumika sana kwenye mitandao, wakati simu ya mezani ya kidijitali hutumia kilobiti 64. Ili iweze kufinya hivyo, inadhani kwamba chochote kinachoingia ni mtu anayesema: koo linalotoa mapigo ya hewa, na mdomo unaoyapa umbo. Mpe mtu mmoja anayesema na itamchora vizuri ajabu. Mpe waimbaji kumi, filimbi na njuga kwa pamoja, inajaribu kuwachora wote kwa koo moja. Na mahali ambapo muziki unatulia, mtambo unaweza kudhani ni kelele za chumbani na kuziba. Laini mpya zinazopitisha sauti pana hadi hezi 7,000 zingesaidia, lakini vitochi vingi vya wateja wetu haviko huko.

Hata hivyo ubaya wa muziki haukuwa ubaya wa sauti. Tungeweza kuweka zeze moja linalopigwa taratibu likasikika safi, na bado tungekuwa tumekosea. Muziki wa kusubiri una asili yake. Mmarekani mmoja mwenye kiwanda, Alfred Levy, aliomba hataza yake mwaka 1962 na akaipata 1966, baada ya waya uliolegea kiwandani kwake kugusa boriti ya chuma na kuingiza matangazo ya redio ya jirani kwenye simu zilizowekwa kungoja. Ajali nzuri. Lakini huko alikokuwa Levy, sehemu nyingi, mtu alilipia simu za ndani ya mji kwa mwezi, asubiri dakika moja au ishirini ni bei ileile. Kumwekea mtu wa namna hiyo muziki ni kumkarimu. Kumwekea muziki mtu wa Nansio anayelipa kwa sekunde ni kumkaribisha chai kisha kumpa risiti.

Siku ya nne ya muziki, mzee mmoja wa Ukara alipitisha ujumbe kwa nahodha wa boti, ujumbe ukafika kaunta kama ulivyo: waambieni wapunguze harusi, wapokee simu.

Bipu zilizopotea

Yote haya niliyajua au ningeyajua. Jambo ambalo sikulijua nilielezwa na dada wa kaunta, yule yule aliyembishia mama, na ndilo lililobadilisha kazi nzima.

"Bipu hakuna siku hizi," alisema.

Wakati wa kitochi cha kamba, nusu ya kazi yake ilikuwa kusoma simu zilizokosa kupokelewa. Wateja wa kudumu hawakuwa wakipiga, walikuwa wakibipu. Mwenye duka la dawa alibipu mara moja asubuhi, maana yake: kuna mzigo wangu leo? Kama upo, dada alibipu naye mara moja. Kama haupo, alinyamaza. Mmoja wa Kome alibipu mara mbili, maana yake nipigieni, nina neno. Mwingine alibipu akishapokea mzigo, maana yake umefika salama, asanteni. Habari za siku nzima zilipita kwenye mlango huo bila shilingi moja kutoka upande wowote. Dada alizijua namba kwa tarakimu tatu za mwisho kama mwalimu anavyojua mahudhurio.

Kisanduku changu kilikuwa kinapokea kila kitu papo hapo. Bipu ikiingia, inapokelewa, inakatwa hela, inatoweka. Mteja aliyezoea kubipu kwa miaka aliona salio limepungua na jibu halikuja. Na kaunta hawakuona chochote, maana simu za mezani zilikuwa hazijawahi hata kuanza kulia. Katika kumbukumbu za mtambo wangu hizo zote zilihesabiwa kuwa simu zilizopokelewa na kumalizika vizuri. Nilikuwa nimeshamwonyesha mwenye ofisi jedwali hilo kwa fahari: tazama, hakuna simu hata moja inayokosa kupokelewa.

Nimefunga mitambo ya namna hii kwa muda, na katika maelekezo yote niliyosoma bipu haipo. Waliobuni hawakuwazia kwamba mtu anaweza kupiga simu akiwa na nia ya kutopokelewa. Kwetu huo ni mfumo mzima wa mawasiliano, una salamu zake na adabu zake, na mimi niliyekulia ndani yake ndiye niliyeufungia nje.

Hesabu kwenye kipande cha boksi

Mwenye ofisi sasa alitaka kujua: kama si muziki, basi tuajiri mtu wa nne? Nikachukua maka na kipande cha boksi. Hesabu za foleni za simu ni za zamani kuliko watu wanavyodhani. Mdenmarki Agner Krarup Erlang alizitoa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, kwa makala za mwaka 1909 na 1917, na mafundi wa simu mpaka leo wanapima wingi wa simu kwa kipimo chenye jina lake.

Tuchukue, nikamwambia, saa moja ya asubuhi yenye simu 40, kila moja dakika 3. Hizo ni dakika 120 za maongezi ndani ya dakika 60. Watu wawili wangezijaza bila hata pumzi, na foleni isingekwisha kamwe. Watu watatu wanatosha kwa jina. Lakini simu haziji kwa zamu, zinakuja kwa mafungu. Basi linapoingia, wote wanapiga. Kwa kanuni ya Erlang, kati ya simu 9, kwa wastani 4 zitakuta madada wote watatu wameshikwa, na hizo zilizokuta foleni zitasubiri kama dakika 3 kila moja. Ukiwachanganya wote, waliosubiri na ambao hawakusubiri, ni sekunde 80 kwa kila mpigaji.

Ongeza mtu wa nne: wastani unashuka hadi sekunde 16. Akatabasamu, akaanza kuhesabu mshahara.

Sasa acha wawe watatu walewale, nikasema, ila kila simu iishe kwa dakika 2. Wastani unashuka hadi sekunde 13.

Alirudia hesabu mwenyewe kwenye simu yake. Hakuamini kwamba dakika moja inaweza kuwa sawa na mtu mzima. Lakini ndivyo foleni ilivyo, ikikaribia kujaa kila kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Swali likawa dakika hiyo itoke wapi, na dada akajibu kabla yangu: inatoka kwenye rafu. Mteja anauliza mzigo, dada anasema "subiri nikuangalizie", anaiweka simu juu ya kaunta, anakwenda nyuma, anasogeza magunia, anarudi. Mpigaji huyo, mimi nilipoanza kupima, alikuwa akisikia kelele za ofisi na bodaboda za nje. Nazo ni sauti za kusubiri, ingawa hakuna fundi aliyeziweka.

Ilivyo sasa

Kisanduku hakipokei tena. Simu ikiingia inaita kwa mlio wa mtandao, bure, na dada akiinua ndipo sekunde zinaanza. Madada wote wakiwa wameshikwa, simu ya nne inaendelea kuita tu. Hiyo ndiyo foleni yetu, na haimgharimu mtu. Mtandao hauiachi iite milele, baada ya muda unaikata, na namba inabaki kwenye orodha. Laini zote nne zikijaa, mpigaji anasikia mlio wa kutumika. Sauti mbaya, lakini ina ukweli ndani yake na ni ya bure.

Mizigo inaandikwa kwenye daftari la kaunta inaposhushwa, kwa jina na kisiwa, ili mtu asiende rafuni. Ikibidi kwenda, dada anasema "kata mama, nakupigia", na anapiga kweli kwa dakika za ofisi. Orodha ya simu zilizokosekana inasomwa saa nne, saa saba na saa kumi. Wa kubipu mara moja anajibiwa kwa bipu. Kompyuta yangu niliipa kazi moja tu ya ziada, kuandika namba na idadi ya bipu kwa mpangilio wa kuingia. Dada anainakili kwa mkono kwenye daftari hata hivyo. Sijamuuliza kwa nini.

Kasoro zipo. Anayekutana na mlio wa kutumika haingii kwenye orodha yetu. Wengine wanaopigiwa tena wanakuwa wameshaazima simu ya mtu mwingine na kuondoka, anapokea mwenye kibanda ambaye hajui habari za nyavu. Na nambari 0800, ambayo mwenye ofisi ndiye angelipia kila sekunde, tuliizungumza mara moja, akasema tuone mwakani.

Kisha lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Asubuhi ya kwanza baada ya mabadiliko, nilipiga kutoka nje kujaribu, na badala ya kriii nikasikia mwanamume ananiimbia kwamba hawezi kulala bila mimi.

Ulikuwa wimbo wa mwito. Mwenye ofisi aliununua kwenye namba ile miaka mingi nyuma, wakati kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Biashara hiyo ilianzia Korea Kusini, SK Telecom walipoianzisha mwaka 2002, ikazunguka dunia. Wimbo unatoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kabla ya kupokelewa, kwa hiyo mpigaji halipi. Mwenye namba ndiye anayekatwa kidogo kidogo kila kipindi kinapojirudia. Kisanduku kilipokuwa kinapokea papo hapo, wimbo haukupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Muda wote tuliokuwa tukihangaika na bugobogobo, mwenye ofisi alikuwa analipia muziki mwingine ambao hakuna aliyeusikia.

Aliposikia, alifurahi. Muziki wa bure kwa mteja, alisema, si ndicho mlichokuwa mnataka? Nikamwambia mteja wa kitochi akisikia wimbo hajui kama kunaita au amepokelewa, tumerudi palepale. Akasema watazoea, watu wote wanajua nyimbo za mwito.

Wimbo ulikaa siku sita. Siku ya sita ilipigwa simu kutoka Nansio kuulizia mzigo wa sanda na ubani. Aliyepiga alikuwa mama yule yule wa kitochi. Dada alipopokea hakusikia salamu, alisikia mtu akivuta pumzi, kisha: "Mwanangu, mwambieni huyo bwana aache kuimba."

Mwenye ofisi aliufuta mchana huo, mbele yetu, akifuata maelekezo ya kubonyeza namba mpaka ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Sanda ilikwenda na boti ya jioni, na haikutozwa nauli. Saa mbili usiku ilikuwepo bipu moja kwenye orodha.